Mama wa Shina Alipohesabiwa Sifuri

Jambo lote liligharimu mashina arobaini na moja ya migomba. Nimeyahesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa kuligusa kila gogo kwa mkono, maana mtu aliyekwisha kukosea hesabu hana haki ya kuyaamini macho yake. Ongeza safari tisa za bodaboda kutoka Kayanga hadi Nyakasimbi, ambazo zote nilibishania nauli na nikashinda sita. Ongeza na urafiki wa mama mmoja, uliokatika ukaungwa, na pale ulipoungwa pana kinundu mpaka leo. Kilichosababisha yote hayo ni amri moja ya kompyuta niliyoiandika bila kuimalizia.

Nawaandikia nyinyi vijana wa Karagwe na Kyerwa mnaotengeneza tovuti. Najua mnasoma mkiwa mmesimama, mguu mmoja uko kwingine, kwa hiyo nitajitambulisha upesi. Mimi ni Rukia. Nimeandika programu za tovuti kwa lugha ya PHP kwa miaka mingi, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la marehemu mama yangu pale Kayanga. Niliacha macho yalipoanza kuona nukta moja kuwa mbili. Niliona heri nistaafu kabla sijaanza kuwauzia watu makosa kwa bei ya kazi nzuri.

Mkisikia PHP mnacheka. Mnasema ni lugha ya wazee. Sawa, hata jembe ni la wazee, na bado sijaona mtu anayelima kwa simu.

Leo nataka niseme juu ya kuondoa kitu kimoja kutoka kwenye orodha iliyo ndani ya orodha nyingine. Mnadhani ni kazi ndogo. Mnaiuliza akili bandia, nayo inawajibu kwa adabu kama mwenye duka aliyekwisha kupokea pesa, mnanakili, mnabandika, mnaenda kunywa chai. Hamuhesabu kabla, hamuhesabu baada. Mkiulizwa mmeondoa vingapi mnasema, "Imekubali." Nani amekubali? Kompyuta inakubali chochote. Hata mlevi anakubali.

Nianze na kijana mmoja nitakayemwita Godi, ili mama yake asije dukani kunidai heshima ya mwanawe. Godi alikuja kuomba kazi akiwa na kompyuta iliyobandikwa nembo mpaka huoni rangi yake. Nikampa jaribio la dakika tano. Nina orodha ya vijiji, ndani ya kila kijiji mna majina ya watu, ndani ya kila jina mna namba. Namba tatu iondoe kila unapoikuta. Akaandika haraka, vidole vinacheza kama mtu anayechambua mchele. Akazungusha orodha kwa foreach, akiikuta tatu anaifuta kwa unset. Akabonyeza. Orodha ikatoka vilevile, tatu zote zimekaa mahali pake zinatuangalia.

"Mama, kompyuta yako ni ya zamani," akasema.

"Ina umri gani kijana, mpaka isijue kufuta tatu?"

"Labda ni toleo la PHP."

"Na ukibadilisha toleo, tatu zitaona aibu zitoke zenyewe?"

Akabonyeza tena. Nikamwacha abonyeze mara nne, nilikuwa nahesabu. Kisha nikamwambia kilichokuwa kimetokea. Ukizungusha orodha kwa namna ile, PHP haikupi orodha ya ndani yenyewe, inakupa nakala yake. Wewe unang'oa magugu kwenye picha ya shamba, halafu unashangaa kwamba shamba bado lina magugu. Ukitaka kugusa shamba lenyewe, ama uweke ile alama ya & inayosema "nishikishe chenyewe, si nakala", ama uingie kwa njia kamili: kijiji fulani, mtu fulani, namba ya mahali fulani, hapo ndipo ufute. Na ukitumia ile alama, ukimaliza mzunguko ukifute na kile kishikio, la sivyo kitabaki kimeng'ang'ania kitu cha mwisho, na siku moja utaandika jambo jingine kabisa likaenda kuharibu pale.

Godi akasema, "Aa, hilo nilikuwa nalijua, nimesahau tu." Sikumpa kazi. Mtu anayejua na kusahau ni ghali kuliko asiyejua, kwa sababu unamlipa mara mbili.

Mimi mwenyewe hesabu nilifundishwa na mama, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta isipokuwa kuifuta vumbi. Babu zake walitoka pwani na biashara, yeye akazaliwa hukuhuku, akauza vitenge maisha yake yote. Kila jioni alihesabu majora yake mara mbili, mara ya kwanza kutoka juu ya rundo na mara ya pili kutoka chini. Siku moja alinituma nitoe majora yaliyoliwa na panya. Nikaanza juu. La tatu limeliwa, nikalitoa, nikaenda kwenye la nne. Mama akanipiga kofi la mkononi.

"Umeruka moja."

"Sijaruka, mama. Nimetoka la tatu nimekwenda la nne."

"Ulipolitoa la tatu, lile la nne lilikaa wapi?"

Lilipanda likawa la tatu. Mimi nikaenda kwenye la nne, ambalo zamani lilikuwa la tano. Lile lililopanda sikulitazama, na bila shaka ndilo lililokuwa limeliwa na panya kuliko yote. "Ukitaka kutoa, anzia mwisho," akasema mama. "Ukianzia mwisho, yanayosogea ni yale uliyokwisha kuyaona." Miaka ishirini baadaye nikaliona jambo lilelile kwenye PHP, unapotoa kitu kwa array_splice huku unahesabu kwenda mbele. Vitabu vinaeleza kwa kurasa tatu. Mama alieleza kwa kofi moja, na kofi lilikuwa wazi zaidi.

Basi mtu aliyelelewa hivyo ndiye aliyeua mashina arobaini na moja. Sasa sikilizeni.

Mnaujua mnyauko wa migomba. Majani yanakuwa ya njano na kuning'inia, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata gogo linatoa usaha. Kuna kikundi cha wakulima huko Nyakasimbi kilichoamua kupambana nao kwa utaratibu. Wanakamati walipita kila kibanja, yaani kila shamba la migomba la nyumbani, kila mgomba wenye dalili wakaufunga ukambaa, kile kikamba cha ganda la mgomba, kuwa alama, na ukiandikwa kwenye orodha, kamati inakuja kuukata kwa panga lililounguzwa kwenye moto, ili wasihamishe ugonjwa kwa chuma. Hakuna ruhusa ya mtu kukata mwenyewe. Katibu wao alikuwa bwana mmoja aitwaye Anastazi, mtu wa kanuni, anayeweza kukusomea katiba ya kikundi ukiwa umemwomba maji ya kunywa. Aliniomba niwatengenezee ukurasa wa kutunzia ile orodha.

Orodha ilikuwa hivi. Kijiji, ndani yake vibanja kwa majina ya wenyewe, ndani ya kila kibanja mashina kwa namba, na ndani ya kila shina ile migomba iliyougua. Maana shina la mgomba, kwa wasiolima miongoni mwenu, na naona mko wengi, ni ukoo. Pana mama aliyebeba mkungu, pana mtoto ubavuni mwake, pana mjukuu anayechungulia. Anaweza kuugua mmoja, ukamkata yeye peke yake wengine wakapona.

Ilibidi tuipe migomba namba. Nikauliza kwenye mkutano, mama tumwite namba moja, mtoto mbili, mjukuu tatu? Mama mmoja mjane, Ma Leokadia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Rukia mwanangu, nikikuuliza una watoto wangapi, nawe unajihesabu humohumo?"

"Hapana, Ma."

"Basi mama hahesabiwi na watoto wake. Mtoto ndiye wa kwanza."

Mkutano mzima ukakubali, hata mimi nikaona ni maneno ya busara. Ndivyo watu wa huku wanavyohesabu shina: mtoto wa kwanza, wa pili, mama ni mama tu. Lakini kompyuta inataka namba. Nikampa mama sifuri. Nikafurahi sana, kwa sababu na kompyuta nayo huanza kuhesabu kwa sifuri. Nilijiona nimeunganisha kibanja na mashine. Mtu anapojiona hivyo, mfungieni chumbani mpaka apoe.

Kanuni ya kikundi ilikuwa moja nzito. Kibanja kikifikisha mashina kumi yenye ugonjwa, kinang'olewa chote, kizima kwa kigonjwa, na ardhi inapumzishwa. Kibanja cha Ma Leokadia kilikuwa na mashina sitini na mawili. Ndicho chakula chake, ndicho alichosomeshea watoto waliokwenda zao, na katikati yake ndimo mumewe amelala. Migomba minne imelizunguka lile kaburi kama watu waliokaa msibani.

Asubuhi moja Anastazi akanipigia simu. "Kibanja cha Ma Leokadia kimefika mashina kumi na mawili. Jumamosi tunang'oa."

"Kumi na mawili? Si mmekuwa mkikata pale wiki tatu?"

"Tumekata. Lakini orodha inasema kumi na mawili, na kanuni inasema orodha."

Nikafungua. Nikaona upumbavu wangu wa kwanza. Mgomba ukikatwa, programu ilikuwa inaifuta namba yake kutoka kwenye shina. Vizuri. Lakini shina likiishiwa wagonjwa wote, lenyewe linabaki, orodha tupu isiyo na kitu ndani, na count, amri ya kuhesabu, inahesabu sahani tupu sawa na sahani yenye ubwabwa. Yaani mashina yaliyopona yalikuwa bado yanahesabiwa kuwa yanaumwa. Mama wa watu alikuwa anakaribia kung'olewa kibanja kwa sababu ya sahani tupu.

Nikamwambia Anastazi kazi hii ni ya nusu saa. Nikaandika kazi ndogo inayojiita yenyewe: ikikuta orodha inaingia ndani, ikikuta nyingine inaingia tena, mpaka chini kabisa, halafu ikirudi inapitisha array_filter na kutupa vilivyo tupu. Array_filter unaweza kuipa maelekezo, ukaiambia utupe nini na ubakize nini. Usipoipa, inajiamulia. Mimi sikuipa. Niliona wazi kwamba tupu ni tupu, nani atabishana?

Nikaendesha. Orodha ya Ma Leokadia ikatoka na mashina matatu. Nikahesabu mara ya pili. Matatu. Nikampigia Anastazi nikamwambia hakuna kung'oa, waende wakate hayo matatu tu. Nikajipongeza kwa soda.

Tazameni sasa ujinga wa mtu mzima. Kabla palikuwa na kumi na mawili. Baada, matatu. Na mimi, binti wa muuza vitenge, sikuuliza hata mara moja: mashina yaliyopona yalikuwa mangapi? Daftari la Anastazi lilikuwa nalo jibu, matano. Kumi na mawili ukitoa matano ni saba. Mtoto wa darasa la kwanza angeniuliza mengine manne yako wapi. Nilihesabu mara mbili, kweli, lakini nilihesabu mara mbili kitu kilekile kilichokwisha kuharibika. Hiyo ni hesabu moja iliyojitazama kwenye kioo.

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Nyakasimbi, nisiwadanganye, nilikwenda kusifiwa. Kamati ilikuwa imekwisha kukata na kuondoka. Ma Leokadia akanipokea kwa mikono miwili. Nikampa shikamoo, akaniitikia akanishika bega akanipeleka mpaka kaburini kwa mumewe. Hapo palikuwa na mgomba mmoja mkubwa, mama, umefungwa ukambaa, majani yake yamening'inia kama nguo iliyoanikwa ikanyeshewa.

"Na huyu, mwanangu? Wamempita."

"Shina namba ngapi?"

"La nne."

Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wangu. "Haimo, Ma."

"Haimo wapi?"

"Kwenye orodha."

"Lakini kwenye kibanja imo."

Jibu nililompa nalinukuu lote, mlisome polepole, maana najua wengi wenu mmekwisha kulitoa mahali fulani: "Ma, kama haimo kwenye orodha, haina ugonjwa. Hilo ni jua tu."

Akautazama ule mgomba, akanitazama mimi. Alijua kuliko mimi. Amekaa na migomba tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Lakini alikuwa ametoka kuponea chupuchupu, kibanja chake kimenusurika kwa orodha hiyohiyo, na mtu hamtukani aliyemwokoa jana. Akaufungua ule ukambaa kwa kucha, akautupa. "Waitu, mmesoma nyinyi," akasema, kwa neno la heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Akanipa mkungu mzima wa ndizi niende nao. Nikaupokea!

Mvua zikaja. Kabla hazijaisha Anastazi akapiga simu tena, na safari hii hakusoma kanuni yoyote. Alisema tu, "Njoo uone."

Nilikwenda. Nilihesabu arobaini na moja. Usaha ulikuwa unatoka kwenye kila gogo waliloligusa kwa kisu. Ma Leokadia alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, hakuinuka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anatazama miguu yangu. Afadhali angenitukana.

Nilirudi Kayanga nikafungua faili. Sikuhitaji hata dakika kumi. Array_filter ikiachwa ijiamulie, haitupi orodha tupu peke yake. Inatupa kila kitu inachokiona hakina thamani: maneno matupu, jibu la "si kweli", na sifuri. Kwake sifuri ni takataka. Na sifuri nilikuwa nimempa mama. Kila shina ambalo mama peke yake ndiye mgonjwa, namba yake ilitupwa, shina likabaki tupu, likatupwa nalo. Hayo ndiyo yale manne. Na katika yale matatu yaliyobaki, mama alikuwa mgonjwa pamoja na mtoto. Mama akafutwa, mtoto akabaki, kamati ikaja ikakata watoto na kuwaacha mama zao wamesimama wakitoa usaha. Mama saba wagonjwa, niliwafuta wote kwa amri moja, halafu nikamwambia mwenye macho kwamba ni jua.

Dawa yake ni mstari mmoja, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Unaiambia wazi: tupa ikiwa tu ni orodha na haina kitu ndani, kingine chochote kiache, hata kikiwa sifuri. Na usizipange upya namba za mashina baada ya kufuta, maana shina la kumi na mbili lina kibao chake shambani kimeandikwa kumi na mbili, halitageuka la saba kwa sababu wewe unapenda namba zifuatane. Kabla ya kufuta, andika vilikuwa vingapi. Baada ya kufuta, andika vimebaki vingapi na vimetoka vingapi. Hizo tatu zisipokubaliana, usiguse soda.

Lakini mstari huo haukuwa umemsaidia Ma Leokadia. Kwa kanuni, kibanja chenye arobaini na moja kinang'olewa chote, hata yale ishirini na moja mazima. Nikaenda kwa Anastazi kujadiliana. Mimi kujadiliana najua, nimelelewa dukani. Nikaanza mbali. Nikasema mashina mazima yamekaa upande wa juu, mbali na mengine. Nikasema nitakuja kila wiki kuyakagua kwa miguu. Nikasema hata kanuni zina macho.

Anastazi akaninyamazisha kwa kiganja. "Kikundi kizima kinajua kwamba Ma Leokadia alificha ugonjwa. Wanasema alifungua ukambaa. Wanataka kung'oa ili liwe fundisho."

"Hakuficha. Ni mimi nilimwambia."

"Basi waambie wao. Simama mkutanoni useme ni kosa lako. Usiseme kompyuta. Usiseme mtandao. Sema mimi Rukia. Ukisema hivyo, nitaomba ishirini na moja yabaki."

Katika maisha yangu sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Hiyo niliinunua. Nilisimama mbele ya watu sitini hivi, wengine nimewauzia vitenge, nikasema, mimi Rukia. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo alimwambia mwenye kibanja kwamba mgomba wake hauumwi, akiwa ameupima kwa simu?" Watu wakacheka. Ma Leokadia hakucheka. Lakini ishirini na moja yakabaki, na yamebaki mpaka leo, nimeyahesabu wiki iliyopita.

Siku chache baadaye nilikwenda kwake kuzungumza malipo. Nikamwambia ardhi ikipumzika nitamletea machipukizi safi.

"Mangapi?"

"Thelathini, Ma. Na mbolea."

"Yamekufa mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Wewe si ndiye unayehesabu kila kitu mara mbili? Basi niletee themanini na mawili."

Nilimtazama nikaona pembe ya mdomo wake inatikisika. Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukafika arobaini na moja, bila mbolea, lakini niyapande kwa mikono yangu. Nimekwisha kupanda ishirini na tisa. Mgongo unauma. Kila ninapoinama yeye anasimama juu yangu ananielekeza shimo liwe na kina gani, na nikikosea ananiambia, "Haimo, mwanangu. Haimo kwenye shimo."

Mngependa niishie hapo, na mkajisemea bibi amejifunza, tuendelee. Hapana. Sijawaandikia kwa ajili ya Ma Leokadia. Deni lake nalilipa. Kuna kitu kingine kinachonifanya niandike.

Katika ile miezi ya katikati, kabla sijagundua kosa, katibu wa kikundi kingine cha Songambele, huko Kyerwa, alikuja Kayanga akaisifia programu yangu, nikampa kwenye flashi. Bure, nikijiona mkarimu. Yule katibu amehama, simu yake haipatikani, na neno la siri alilolibadilisha sina. Ukurasa wao bado unafunguka. Nimeufungua leo asubuhi. Kijiji kimoja kina vibanja kumi na vinane, na kwenye kila kibanja pameandikwa kwamba hakuna mashina yenye ugonjwa. Nimehesabu mara mbili.

Nimekwenda kule mara moja. Mwenyekiti wao, kijana msafi, mwenye simu mbili, alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanigeuzia simu nione. "Mama, sisi tuko safi. Hii hapa." Nikamwomba twende vibanjani. Akasema wana kikao. Nikamwambia aguse mama wa shina lolote aangalie majani. Akasema atamtuma mtu. Hajamtuma, na mvua zinakuja.

Kwa hiyo nidai changu. Nyinyi mnaofanya kazi hii, wengi mmejifunza kwenye chumba changu, au kwa mtu aliyejifunza pale, na sikumtoza yeyote. Nilipeni sasa. Mmoja wenu mwenye pikipiki na nusu siku aende Songambele, aingie kwenye lile faili kama ataruhusiwa, aitafute array_filter isiyo na maelekezo. Kama hataruhusiwa, avae mabuti aingie kibanjani. Nami nahitaji ushauri, naomba bila utani wowote: mtu anayeona sifuri kwenye kioo na ameridhika nayo, unamwambia nini mpaka akubali kutoka nje? Mimi nimejaribu maneno yote niliyonayo. Anayejua aniambie wiki hii.